Kuanua matanga ya wapagazi: mwongozo kamili wa kuandaa kumbukumbu ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza kijijini au mtaani kwenu

Bunduki za Ulaya zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918, saa 5 asubuhi. Huku kwetu hazikunyamaza. Tarehe 13 vikosi vya Wajerumani vilikuwa bado vitani huko Kasama, Zambia ya leo, na habari ya kusitishwa kwa vita ilimkuta kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, karibu na mto Chambeshi. Aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba mjini Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala. Waliojipanga naye siku hiyo walikuwa Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168. Hao walihesabiwa kichwa kwa kichwa. Wapagazi, waliokuwa maelfu, huandikwa kwa kukadiria tu.

Mwongozo huu ni wa kijiji, mtaa, shule, msikiti au kigango chochote cha Afrika Mashariki kinachotaka kukumbuka mwisho wa vita hiyo. Nimeshiriki kuandaa shughuli ya namna hii mara tatu katika kata moja. Mara ya kwanza tuliiga sherehe za kitaifa: gwaride la skauti, meza kuu, hotuba sita. Watu walipiga makofi, wakala pilau, wakaondoka. Hakuna marehemu hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Tulipokutana kujiandaa kwa mwaka uliofuata, mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Hawa watu, matanga yao yalianuliwa lini?" Tukatazamana. Ndipo tukaacha kuandaa sherehe, tukaanza kuandaa msiba. Kazi ikawa nyepesi, maana hakuna mtaa usiojua kuendesha msiba: nani anashika daftari, nani anapika, nani anazungumza na nani ananyamaza.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnamkumbuka nani

Msilikimbilie turubai kabla ya kulimaliza hili. Vita hii iliwachukua watu wetu kwa njia nyingi, na wajukuu wao wanakaa mtaa mmoja. Kuna aliyekuwa askari wa Mjerumani, aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika) kwa Mwingereza, na aliyekamatwa na Wabelgiji kubeba mizigo walipokuwa wakielekea Tabora, mji waliouteka Septemba 1916. Kuna pia wasioshika bunduki wala mzigo, waliobaki nyumbani ghala zao zikakombwa na majeshi. Huko Ugogo njaa iliyofuata ilipewa jina lake kabisa, Mtunya, na wazee bado wanalitaja.

Walio wengi kuliko wote ni wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake unakadiriwa kutumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 95,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kibovu: mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, akausonga haraka kwa kuni mbichi baada ya kutembea kutwa nzima na mzigo wa kilo 25 hivi kichwani, tumbo likamharibika. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa "Carrier Corps", watu wakatamka Kariakoo. Soko la Dar es Salaam limebeba jina hilo, na Nairobi kuna Kariokor. Ukiwaambia vijana wanaonunua viatu pale kwamba wanatembea juu ya jina la jeshi la wapagazi, nusu watadhani unawatania.

Mzozo mtakaoupata katika kikao cha kwanza ni huu: familia ya askari na familia ya mpagazi hazina kumbukumbu moja. Kwa mmoja babu alikuwa shujaa mwenye tarabushi. Kwa mwingine, mwenye tarabushi ndiye aliyefunga watu kamba shingoni akawapeleka kambini. Msijaribu kuamua nani ana haki. Sisi tulikubaliana kwamba kila jina litasomwa na kazi aliyoifanya mwenye jina, bila sifa wala lawama: "askari", "mpagazi", "alikufa kwa njaa". Neno "shujaa" tuliliondoa kwenye ratiba yote. Kuna waliokasirika. Mpaka leo naona tulifanya vema.

Kamati isizidi watu tisa. Awemo anayejua koo za pale, mwalimu wa historia, mtu wa msikiti na wa kanisa, mama mmoja anayeongoza majiko ya misiba, na kijana wa simu na kompyuta. Mwenyekiti asiwe mgombea wa chochote.

Hatua ya 2: Chagueni tarehe yenu

Tarehe 11 Novemba inafahamika duniani, na kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kama yale ya Dar es Salaam, Moshi, Taveta na Voi, huenda mkakuta wageni wameweka mashada. Mkitaka kuungana nao ni sawa. Lakini tarehe ya huku ni 25 Novemba, na napendekeza hiyo. Ina faida ya kufundisha bila hotuba: mtoto akiuliza kwa nini si tarehe 11, jibu lake ndilo somo lenyewe, kwamba kwa wiki mbili nzima baada ya amani kutangazwa, mtu wa kwetu alikuwa bado amebeba mzigo.

Msiiunganishe na Siku ya Mashujaa, 25 Julai kwa Tanzania au 20 Oktoba kwa Kenya. Siku hizo zina ratiba na wenyewe, na wapagazi watapotea humo kama walivyopotea kwanza.

Novemba ni vuli sehemu nyingi. Pangeni shughuli iishe kabla ya saa 7 mchana na muwe na paa la akiba, hata kama ni darasa. Anzeni maandalizi Mei.

Hatua ya 3: Daftari la majina

Hapa ndipo penye kazi. Miezi minne kati ya sita itumike hapa, na mkiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanyeni hili, mengine yaache.

Sababu ni hii. Minara ya askari iliyojengwa miaka ya 1920 Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa ina maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Mnara wenyewe hauna jina hata moja. Ule wa Dar es Salaam una sanamu ya askari ameshika bunduki yenye singe. Jina la huyo aliyekufa Morogoro kwa kuhara damu liko wapi? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti yake mwaka 2021, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo msitegemee kulikuta jina la babu yenu kwenye tovuti. Liko kwa shangazi.

Nunueni daftari la kaunta lenye jalada gumu. Pigeni mistari ya safu saba: jina na la baba yake, ukoo, alikotoka, alichukuliwa na nani, kazi yake, alirudi au hakurudi, anayesimulia na uhusiano wake. Safu ya mwisho msiiache wazi kamwe. Habari isiyo na msimuliaji haitaaminika miaka kumi ijayo.

Tumeni watu wawili wawili, kijana na mtu mzima, nyumba kwa nyumba. Msianze na "Je, familia yenu ilishiriki Vita Kuu ya Kwanza?" Mtajibiwa hapana. Bibi mmoja alituambia hivyo, tukaanza kuaga. Mwenzangu akauliza, kama kwa kupitisha muda, kama kuna mtu wa ukoo wao aliyeondoka asirudi zamani za Mjerumani. Bibi akakishika kikombe bila kunywa. Akasema yupo, ndugu wa babu yake; mama yake alikuwa akiweka ugali kidogo ukingoni mwa chungu kila jioni, na yeye alipokuwa mtoto alichapwa kwa kuula. Jina hakulijua. Tuliandika: "Ndugu yake fulani, jina halikumbukwi, mpagazi, hakurudi." Mstari huo ulisomwa kama mingine.

Maswali yanayofungua midomo ni haya:

- Nani wa ukoo huu aliondoka asirudi, wakati wa Mjerumani au Mwingereza alipoingia?
- Kuna mtoto aliyerithi jina la mtu wa namna hiyo?
- Kuna shamba au mjane aliyerithiwa kwa sababu mwenyewe hakurudi?
- Nani alikufa kwa mafua makubwa?

Hilo la mwisho msiliruke. Homa ya mafua ya 1918 ilifika vita ikielekea ukingoni, ikawamaliza watu makambini na vijijini, hata baadhi ya wale waliokuwa wameweka silaha chini Mbala. Kwa familia nyingi "vita" na "mafua" ni msiba mmoja.

Kupima ukweli wa simulizi, msitafute mwaka, tafuteni jambo. Wazee hawasemi 1917. Husema "kabla ya njaa", "baba alipokuwa hajatahiriwa", "mwaka ule Wajerumani walipovuka Ruvuma". Hilo la Ruvuma mnaweza kulipachika kwenye kalenda, maana Lettow-Vorbeck aliingia Msumbiji Novemba 1917. Vivyo hivyo kwa Mahiwa, Lindi, palipopiganwa vita kali Oktoba 1917, au Tanga, Novemba 1914, au Salaita karibu na Taveta, Februari 1916. Wekeni orodha ya matukio ya eneo lenu nyuma ya daftari.

Kwa maandishi, anzeni na vitabu vya ubatizo na vifo vya misheni za zamani, kisha Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Nairobi. Mlioko Unguja, fuatilieni kikosi cha wapagazi kilichoongozwa na Askofu Frank Weston mwaka 1916. Nendeni na swali moja lililo wazi. Anayefika pale akisema "nataka habari za vita" atatoka na vumbi tu.

Na mwelezeni kila mtu mapema kwamba daftari si madai ya fidia. Kwetu uvumi ulienea kwamba kila jina litalipwa, na kwa wiki mbili majina yaliongezeka kwa kasi ya ajabu. Chanzo cha uvumi si upumbavu. Wapo wapagazi waliokufa ambao malipo yao hayakuwafikia ndugu, na kumbukumbu ya deni hukaa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya tarehe. Lakini tulilazimika kurudia nyumba zote, na mistari kadhaa ikafutwa.

Hatua ya 4: Mahali

Mtavutwa na makaburi ya vita, kwa sababu yana nyasi zilizokatwa na mawe yaliyonyooka. Mkiyataka, iandikieni Tume mapema. Mengi hutunzwa vizuri na hayafungiwi watu. Ila mjue kwamba watu wenu hawamo humo, au wamo bila jiwe. Mahali pazuri zaidi mara nyingi ni njia: kijia cha zamani cha mizigo, kivuko, kituo cha reli, mti ambapo watu waliandikishwa. Ulizeni wazee "walikusanyiwa wapi?" na mtapelekwa moja kwa moja.

Kama ni uwanja wa vita, msichimbe na msiokote maganda ya risasi; ni mali ya kale, na ruhusa zake ziko kwa Mambo ya Kale (Tanzania) au Makumbusho ya Taifa (Kenya). Chuma chochote kizito cha mviringo kiacheni palepale, wekeni alama, iteni polisi.

Kuhusu mnara: msijenge mwaka wa kwanza. Saruji humaliza michango na kuzua ugomvi wa jina la nani liko juu. Cape Town ilizindua kumbukumbu mwaka 2025 kwa watu zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi vya Afrika Kusini, na kila mmoja amepewa nguzo yake ya mbao iliyosimama wima. Mnaweza kuiga kwa bei ya kuni: kigingi kimoja kwa jina moja, jina likachomwa kwa chuma cha moto, familia ikakipigilia chini yenyewe. Wazee wa miaka themanini walikataa kusaidiwa nyundo.

Hatua ya 5: Ruhusa

Tanzania, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha mtendaji wa kata, kisha barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya si chini ya saa 48 kabla. Kenya, pitieni kwa chifu, na notisi ifike kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala si zaidi ya 14 kabla ya mkusanyiko. Andikeni wazi: kumbukumbu ya familia, hakuna siasa, idadi ya watu, muda wa kuanza na kumaliza. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ratiba iliyotufaa ni hii, na yote haizidi muda wa saa tatu.

Saa 2 asubuhi, matembezi. Watu wanaanzia pale walipokusanyiwa wapagazi, wanatembea kilomita mbili au tatu hadi mahali pa shughuli. Vijana wanapokezana mzigo mmoja wa kilo 25. Tulitumia gunia la mahindi, na baadaye yakasagwa kwa ajili ya chakula. Bila ngoma, bila nyimbo za jeshi. Nilidhani watoto watacheka. Walicheka mita mia tatu za kwanza.

Saa 3:30, kukaa. Jamvini kwa wanaotaka, viti kwa wazee. Meza kuu isiwepo. Mkikaa duara, suala la nani yuko mbele linajifia.

Kisha dua na sala. Tumeona vema kila dini ifanye kwa utaratibu wake, fupi, zikifuatana, kuliko kutunga sala moja ya kumridhisha kila mtu isiyomgusa yeyote. Waislamu wanaweza kusoma hitma usiku wa kuamkia siku hiyo msikitini, na Wakristo kutaja majina katika ibada ya Jumapili iliyotangulia. Koo zenye tambiko zifanye kwao alfajiri, kisha zije.

Maelezo ya vita: dakika kumi, mtu mmoja, mwalimu. Aanze na eneo lenu, si na Sarajevo, mji wa Ulaya ulikozuka mzozo ulioanzisha vita.

Majina. Huu ndio moyo. Msomaji asiwe mshereheshaji wa harusi; tafuteni sauti tulivu, ikiwezekana mbili, ya mwanamke na ya mwanamume, zikipokezana. Soma jina, kazi, alikotoka, nyamaza kwa pumzi mbili. Ndugu asimame, akapigilie kigingi. Majina 60 huchukua kama dakika 40. Msiharakishe hata watu wakianza kutapatapa vitini. Kuna wakati, katikati ya jina la ishirini na la thelathini, minong'ono huisha yenyewe. Jina lisilo na ndugu aliyehudhuria lipigiliwe na mtoto wa shule. Jana yake hakikisheni matamshi kwa kila familia. Jina likikosewa mbele za watu, utalipata tena kwenye kila msiba wa ukoo huo.

Kusimama kimya dakika moja, kisha tarumbeta kama lipo. Kama halipo, msicheze sauti ya simu kwenye spika, kimya kinatosha.

Mwisho, kuanua matanga kwa desturi za pale penu. Kwetu mama aliyeongoza jiko aliyakunja majamvi mwenyewe na kutangaza kwamba waliokuwa wakingojewa hawangojewi tena. Wanawake wakaitika.

Kuhusu mgeni rasmi: aje kama mwombolezaji, aketi duarani, aongee dakika tano baada ya majina, si kabla. Mwambieni hivyo kwenye barua ya mwaliko. Akichelewa, endeleeni. Mwaka mmoja tulimsubiri mgeni kwa saa mbili juani, na watu wa kwanza kuondoka walikuwa wazee waliotupa majina.

Hatua ya 7: Jiko na fedha

Chakula kiwe cha msibani. Gharama kubwa ni turubai, viti, kipaza sauti na nauli ya wazee wanaotoka mbali. Hiyo nauli isikatwe hata kidogo. Pesa zipokelewe kama rambirambi, zisomwe hadharani kabla watu hawajatawanyika, pamoja na matumizi. Mfadhili anayetaka nembo yake ibandikwe vigingini, mshukuruni na mwachane naye.

Hatua ya 8: Baada ya siku

Wiki ileile, kabla watu hawajasahau, daftari lifunguliwe tena. Majina mengi huja baada ya shughuli. Kwetu yalikuja kumi na manne ndani ya siku nne, mengi yakiletwa na watu waliosema mwanzo kwamba hawana mtu.

Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, mwanga wa mchana, bila kivuli cha mkono. Toeni nakala tatu: moja shuleni, moja kwenye ofisi ya kata au ya chifu, moja kwa familia yenye sifa ya kutunza vitu. Daftari lenyewe libaki msikitini au kanisani, kwenye kabati lenye ufunguo. Sauti za wazee zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na kila faili lipewe jina la msimuliaji na tarehe, si "sauti mpya 7". Wenye habari za kutosha za mtu aliyekufa kazini, kama jina, kikosi, mwaka na mahali, wanaweza kuipelekea Tume ili ifikiriwe. Pelekeni nakala, msitoe daftari.

Vigingi vya mbao vitaliwa na mchwa baada ya mvua mbili au tatu, hata vikipakwa oili chafu. Pangeni mapema nani atachonga vipya, na kila Oktoba familia zikumbushwe kuja kuangalia cha kwao.